Hewa ya Upande wa Mama

Mama yangu alikuwa na kifua. Sisemi kifua cha mafua, kile kinachokuja na mvua kikaondoka nayo. Nasema kifua cha mtu aliyepika makande kwa kuni maisha yake yote, ndani ya jiko lenye dirisha la ukubwa wa sahani. Alipofika uzeeni kila pumzi yake ilikuwa na sauti, na sisi wanawe tulijifunza kuisikiliza kabla hata ya kumwamkia.

Yeye alikaa Vudee, juu. Mimi nakaa Same mjini, nilikofundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Mara moja kila mwezi alikuwa na kliniki huku chini, na kazi ya kumfuata na kumrudisha ilikuwa yangu, maana mwenye gari ni mimi. Nilitaka aendelee kupumua. Hilo tu ndilo nililolitaka, na naliandika mapema, kwa sababu yanayofuata hayanipendezi hata mimi mwenyewe.

Gari lenyewe ni dogo, lilikuja kutoka Japani likiwa limeshatumiwa na wenyewe. Nililipenda kupita kiasi. Mke wangu alikuwa akisema kwamba kama lingepita mlangoni ningelilaza kitandani, yeye akalale sebuleni. Mimi nilimjibu kwamba mke akiharibika anajieleza, gari halisemi, ndiyo maana linahitaji mtu wa kulisikiliza. Basi tunacheka.

Anayeijua Same anajua vumbi lake. Upepo ukishaamka asubuhi unalichota vumbi jeupe la tambarare na kulimwaga popote: kwenye chai, kwenye nguo ulizoanika, ndani ya masikio. Ukianza kupanda mlima linageuka kuwa jekundu, na lori likikutangulia huoni kitu mpaka lipate pa kukupisha. Vumbi hilo likiingia kwenye injini linaila taratibu, kama jiwe la kusagia. Kinachokuokoa ni kile kichujio cha karatasi iliyokunjwakunjwa kinachokaa chini ya boneti, ambacho mafundi wote wanakiita ea klina.

Ea klina yangu mimi nilikuwa naitunza kama dawa. Kila Jumamosi, kabla ya chai, nafungua boneti, nafyatua klipu nne, naitoa, naigongagonga kwenye goti, halafu naiinua kutazama jua kupitia kwenye mikunjo yake. Baada ya hapo naipeleka gereji kwa fundi wangu aipulize kwa kompresa. Na nilikuwa nasimama hapo hapo kuhakikisha anaipuliza kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu ukipuliza kutoka nje unazidi kulishindilia vumbi. Somo hilo nililifundisha kila mtu, hata asiyeniuliza. "Gari langu halikohoi," nilikuwa nasema. Nilisema hivyo mbele ya mama siku moja. Akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi, na mimi nikaendelea na habari za injini.

Huyo fundi ni mtu mzima mwenzangu, Mwislamu wa hapa hapa mjini, baba yake alikuwa na duka la nafaka barabarani. Haongei sana. Kofia yake haivui hata akiwa chini ya gari. Ni yeye aliyeniuliza siku moja, tukiwa tumetoka kubadilisha ea klina na kuweka mpya, "Mwalimu, na hili la ndani uliwahi kulitazama?"

"La ndani lipi?"

Akafungua droo ya dashibodi upande wa abiria, akaibana kwa mikono miwili, ikaning'inia. Nyuma yake palikuwa na kijisanduku cha plastiki ambacho kwa miaka yote sikujua kipo. Akavuta kitu kilichofanana na blanketi kuukuu. Katikati ya mikunjo yake palikuwa na jani dogo lililokauka, lina vidole kama kiganja cha mtoto. Mti wenye majani hayo hatuna huku. Lilikuwa jani la kwao Japani, na chujio lilikuwa la kwao pia, tangu gari lishuke melini hakuna aliyeligusa.

"Hili ndilo linalochuja hewa mnayovuta nyinyi mliokaa ndani," akasema. "Limekwisha. Tuagize Moshi, linafika kesho kutwa."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mkononi nilikuwa nimeshika ile ea klina ya zamani tuliyoitoa muda huo huo.

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima. Wanasema tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, wanasema Mpare akikukaribisha chai ujue umeacha kitu kwake. Waseme. Kwetu kitu hakitupwi, na aliyenifundisha hivyo ni mama huyo huyo. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa ndama. Shati la baba likichoka lilikuwa langu, likinichoka mimi linakuwa la kudekia, na likiisha kudekia linazibia ufa wa dirisha la jikoni. Nimelelewa hivyo, sioni aibu. Lakini siku ile, nikiwa nimeshika karatasi iliyokwishakula vumbi la Same mwaka mzima, nilimwambia fundi, "Moshi ya nini? Nipe kisu. Tutalikata hili, linaingia hapo."

Akanitazama. "Mwalimu, hilo limekufa. Tumelipuliza mpaka limetoboka."

"Nitaliosha."

"Karatasi haioshwi. Ikilowa inafumuka, halafu inaota kuvu."

"Nani kakwambia? Wewe sikiliza. Injini haina pua, ndiyo maana inataka chujio jipya. Binadamu kaumbwa na pua, na ndani ya pua mna vinyweleo. Mungu alishachuja, wewe unataka kuchuja mara ya pili?"

Loo, nilivyolipenda neno langu! Nililirudia nyumbani, nililirudia hata nje ya kanisa baada ya ibada, na watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alinipa kisu akasema, "Haya. Mimi mkono wangu haumo." Nikaenda bombani kwake, nikaliosha kwa sabuni ya unga, nikalianika juu ya boneti, likakauka nikalikata, nikalipachika kwa mikono yangu mwenyewe. Lilikaa sawasawa kama lililozaliwa humo. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kwa hiyo injini ikapata jipya, na waliokaa ndani wakapata masazo ya injini. Aliyekaa ndani, kwenye kiti cha mbele, mara mbili kila siku ya kliniki, kushuka na kupanda, alikuwa mama.

Nilikuwa namfuata asubuhi. Ananisubiri barabarani akiwa amevaa kitenge chake cha kutokea, kikapu cha ndizi miguuni, maana kushuka kwa mtoto mikono mitupu hawezi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Mmeamkaje huko kwenye joto?" Namfungulia mlango, namfunga mkanda, napandisha vioo vyote ili vumbi lisimwingie. Halafu, na hapa ndipo roho inaponiuma, nawasha feni namba tatu na kulielekeza tundu la hewa la upande wake usoni kwake. Nilikuwa najiambia, mtu mwenye kifua anahitaji upepo. Nilifanya hivyo kwa upendo kabisa, na sikuwahi kusahau hata safari moja.

Mvua za masika zilipoanza, ukungu wa mlimani ulipoanza kulala barabarani mpaka saa tatu, mama alisema, "Baba, hewa ya gari lako inanuka kama kihenge cha mahindi kilichovujiwa."

Nikamwambia ni mvua.

Mwezi uliofuata akasema tena, kwa upole, akiongea Kipare kama alivyoongea akitaka jambo lisionekane kubwa. Alisema upepo ule unamkwaruza hapa, akagusa koo. Nikamwambia ni baridi ya mlimani, tukifika chini utapona. Tulifika chini hakupona. Alikohoa mpaka tukaegesha.

Mara ya tatu nilikuwa nimeamka vibaya. Sitaki kujitetea, mimi ni mtu mkali, wanafunzi wangu watakueleza, na hasira zangu haziko mbali na mdomo. Tulikuwa tunateremka, tumefika kwenye kona ile ambayo tambarare yote inaonekana chini. Mama akasema, "Hebu punguza hicho kiupepo, kinaniletea kitu kichafu." Nikakanyaga breki.

"Kitu kichafu! Mama, gari hili linapulizwa kila Jumamosi. Kila Jumamosi! Hakuna gari Same nzima linalovuta hewa safi kama hili, waulize mafundi. Kama linakunukia vibaya, basi la abiria lipo, linapita alfajiri, panda ukakae na magunia!"

Alikuwa ameshika kitambaa chake cha mkono, kile cheupe alichokidarizi ua la bluu kwenye pembe. Alitudarizia kila mmoja wetu kimoja tulipoondoka nyumbani, vyote vya namna moja, na akabaki na chake. Changu nilikipoteza chuoni mwaka wa kwanza. Aliinamisha macho, akakitazama kile kitambaa, akakikunja mara mbili, akakinyoosha kwa kidole gumba.

"Basi, baba," akasema. "Yaishe."

Tulikwenda mpaka hospitali. Kitambaa alikishikilia mdomoni njia nzima, na mimi nikajua ananionyesha, nikazidi kukasirika. Aibu iliyoje, mtu mzima mwenye mvi kumkasirikia mama yake kwa sababu anakohoa.

Siku hiyo dawa zilichelewa. Nilimwacha garini kivulini nikaenda kupanga foleni dirishani, nikakaa huko muda mrefu. Niliporudi nilimkuta ametulia, mikono juu ya kikapu, anatazama watu wakipita. Tukarudi Vudee. Tulipokuwa tunapanda, bila mimi kumuuliza lolote, akasema, "Sasa hewa ni nzuri, baba. Umelitengeneza."

Sikuwa nimegusa kitu. Nikamjibu, "Si nilikwambia?"

Nilijibu hivyo hivyo kama ulivyosoma, na nilitabasamu. Moyoni nikasema, wazee bwana, ukiwakemea kidogo wanapona. Lile tundu la upande wake sasa lilikuwa limefungwa. Alisema magoti yanaona baridi. Lile la katikati alilisukumia kwangu: "Likupulize wewe unayeendesha, usije ukasinzia." Nikalipokea. Nilikuwa nikipiga chafya kuanzia Vudee mpaka Same, nikasingizia maua ya mlimani.

Safari zilizofuata, kila ninapomfungia mkanda, ananiambia kwanza hewa ni nzuri, kabla hata sijawasha gari. Kikohozi hakikukoma. Alikuwa akigeukia kioo na kukohoa polepole, kama watu wanavyokohoa wakati wa mahubiri. Daktari aliuliza kama nyumbani kuna moshi au vumbi. Nikajibu mimi, mama hakupewa nafasi: jikoni haingii tena, anapikiwa na mjukuu, na hospitali analetwa kwa gari binafsi, vioo vimefungwa. Nilisema kwa kifua mbele. Mama alinitazama, akamtazama daktari, akasema, "Mwanangu ananitunza sana."

Alikufa mwezi wa saba, baridi ilipokaza. Walinipigia asubuhi wakaniambia njoo. Nilipanda mlima ule kwa mwendo ambao sijawahi kwenda, na injini haikusita hata kwenye mwinuko mkali kuliko yote. Haikukohoa hata mara moja. Nilifika nikamkuta ameshalala, na chumba kilikuwa kimya. Kilichonishtua ni ule ukimya. Tulizoea sauti ya pumzi yake kama watu wa bondeni wanavyozoea mto, na sasa hapakuwa na kitu.

Daktari alisema mapafu yalichoka, na moyo ukachoka kwa kuyasaidia. Alisema moshi wa kuni wa miaka mingi. Hakusema lolote kuhusu gari, kwa sababu hakuna aliyemweleza habari za gari. Sikumweleza. Mpaka leo sijui kipande kile cha karatasi kilimpunguzia nini, siku au miezi, au hakikumpunguzia kitu. Hakuna wa kuniambia. Wakati mwingine nadhani ningekuwa na hakika ningepumzika, hata kama hakika yenyewe ni mbaya.

Baada ya kuanua matanga sikuligusa gari. Lilikaa uani likala vumbi. Jumamosi moja miguu ikanibeba yenyewe, nikaliwasha nikaenda gereji. Fundi akanipa pole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaelekea kwenye boneti kama kawaida.

"Acha hiyo," nikasema. "Lile la ndani. Litoe."

Akaishusha droo. Sitaki kueleza sana kilichotoka. Karatasi ilikuwa imefumuka kama alivyonionya, imepakwa rangi mbili za vumbi, jeupe la tambarare na jekundu la mlimani, na juu yake kuvu jeusi limetanda kama manyoya. Harufu ya kihenge kilichovujiwa ikatupiga usoni. Mama alikuwa ameitaja sawasawa. Nilikaa chini kwenye tairi.

Fundi hakusema nilikwambia. Angesema ningeshukuru. Alikwenda kwenye rafu yake, akarudi na boksi jembamba lililofifia kwa jua. "Niliagiza siku ile ile," akasema. "Nilijua utabadili mawazo." Boksi lile lilikaa juu ya rafu wakati wote huo, hatua kumi kutoka pale nilipokuwa naegesha kila Jumamosi.

Akalipachika jipya. Akawasha gari, akafungulia feni. Hewa ikatoka katikati, baridi, haina harufu ya kitu chochote. Nikaivuta. Fundi akapitisha kiganja tundu moja baada ya jingine, akafika la mwisho, upande wa abiria. Akalifungua vibao vyake. Akaweka mkono, akautoa, akauweka tena.

"Huku hakuna upepo," akasema. "Kuna kitu kimeziba."

Akashika mfuniko wa lile tundu. Ulitoka mara moja, bila kulazimishwa, kama kitu kilichozoea kufunguliwa. Akaingiza koleo yake nyembamba akavuta. Nilikitambua kabla hakijatoka chote. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili na kunyooshwa vizuri, pembe kwa pembe, kikaingizwa kikajaza tundu lote. Nikakikunjua. Upande uliotazama ndani ulikuwa mweusi, unanata. Upande uliomtazama yeye ulikuwa bado mweupe, na ua lake la bluu pembeni.

Wakati mimi nimepanga foleni ya dawa siku ile, yeye alikuwa anatengeneza chujio lake. Akazibia ufa, kama alivyotufundisha. Na hakuniambia, kwa sababu alipojaribu kuniambia nilimwonyesha basi.

Fundi hakukijua ni cha nani. Aliona kitambaa kichafu, na mkono wake ukaenda kwenye mpira wa kompresa kwa mazoea. "Lete nikipulize, mwalimu, vumbi litoke."

"Usipulize!" Nilipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wakageuka. Akaurudisha mpira ukutani. Nikaingia garini, nikakaa kwenye kiti cha mama, nikafunga mlango. Hewa sasa ilikuwa inanijia usoni kutoka kwenye tundu lake, safi kabisa, na mimi nimeshika kitambaa kwa mikono miwili. "Sasa hewa ni nzuri, baba," alikuwa ameniambia. "Umelitengeneza." Na mimi nikamjibu, si nilikwambia.